Jumamosi za Magari Mabovu

Mwezi uliopita nilienda Makadara kuangalia gari. Nimefika umri ambao magoti yanalalamika kuliko mwenye magoti, na nilikuwa nimeamua kwamba safari zangu za sokoni na za kanisani zilizobaki nitazifanya nikiwa nimekaa. Mwuzaji, mwanamume mwenye kitambi na simu mbili, alinipokea kwa bashasha. "Sasa mathe! Hii ndiyo yako. Hii haina stori," akasema, huku akifuta kioo kwa mkono wa shati. Niliweka kiganja juu ya boneti kwanza. Ilikuwa asubuhi ya baridi, magari mengine yote yalikuwa bado na umande, lakini boneti ile ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikamwuliza aliliwasha saa ngapi. Akasema ni jua tu. "Jua la wapi, baba? Jua lenyewe bado linapiga mswaki." Nikamwambia asiliguse tena, nami nitangoja lipoe, hata kama ni mpaka adhuhuri. Kisha nikatoa kipande cha boksi kwenye kikapu changu, nikakikunjua, nikainama na magoti yangu hayo na kukisukuma chini ya injini. Hapo ndipo niliposikia kicheko nyuma yangu, kicheko chembamba cha mtu aliyeng'oka meno, na sauti ikasema, "Boksi! Wallahi huyu ni binti Wafula."

Nilimjua kabla sijageuka. Alikuwa Sudi, dalali wa magari aliyetuzungusha mimi na baba yangu mwaka mzima, na ambaye nimemchukia kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za mtaa wetu zinavyodumu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa ofisi, blanketi magotini, macho yameingia ukungu. Kumbe yadi ile ya kuuzia magari ilikuwa ya mwanawe, huyo mwenye simu mbili. Ningejua nisingekanyaga pale. Lakini mzee ni mzee, nikamwamkia. "Shikamoo." Akaitikia marahaba, akapapasa kiti kilichokuwa kando yake. "Keti, dada. Gari halijapoa, na wewe najua hutaondoka kabla halijapoa." Niliketi kwa sababu ya magoti. Nilimgeuzia bega, nikaangalia boksi langu pale chini, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ya mama yangu na ya ndugu zangu sitayasema hapa, kila mmoja ana maneno yake. Mwaka ule tulikuwa wawili tu katika nyumba ya mtaa wa Jericho, hapa Nairobi, mimi na Baba. Nilikuwa nikifunga biskuti kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area, nikirudi jioni nikinuka vanila mpaka paka wa jirani wananifuata. Baba alikuwa amestaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji, katika kiwanda cha sabuni, na mpaka leo nikifumba macho naiona sebule yetu kama ilivyokuwa: viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma, redio juu ya kabati, dirisha linalotazama uwanja wa kuanikia nguo, na miguu ya Baba juu ya kigoda, imevimba, inang'aa kama maandazi mabichi. Moyo wake ulikuwa umepanuka. Daktari ndiye alisema hivyo, umepanuka, na mimi nilipolisikia neno hilo niliona kama sifa, kwa maana moyo wa Baba ulikuwa mpana siku zote. Tulikuwa tukila ugali na omena jioni moja alipoweka tonge chini na kusema, "Mama, watu wa hapa wote huenda nyumbani wamelala. Mimi nataka kufika nyumbani nikiwa nimeketi. Nishuke, nisalimie watu kwa mkono." Aliniita Mama kwa sababu nilibeba jina la mamake, Nekesa.

Nyumbani, kwa maneno yake, ni magharibi, mbali, kwenye shamba ambalo alikuwa akilitembelea Krismasi moja baada ya kuruka kadhaa. Hakuna mtu wa Jericho niliyewahi kumsikia akisema kwao ni Jericho. Mtu anazalia hapo, anafundisha watoto wake kuendesha baiskeli hapo, anazeekea hapo, na ukimwuliza anakuambia hapa nimekuja kutafuta tu, kwetu ni fulani. Basi mimi nililichukua neno la Baba kama amri. Basi la abiria halikufaa, kwa sababu daktari alitaka anyooshe miguu kila mara na dereva wa basi hasimami kwa ajili ya miguu ya mtu. Nikamwambia tukodi gari. Akakataa katakata. "Gari la kukodi ni la harusi na la maiti. Mimi si bwana harusi." Nikamwambia, "Basi nitanunua." Nilikuwa na akiba niliyokuwa nimeitengea kiwanja. Baba aliniangalia, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, halafu akaniomba chumvi.

Barabara ya kwetu hupanda milima mpaka masikio yanaziba, na gari linalopoteza maji halifiki mwisho wa mlima ule, linatoa mvuke katikati na kukuacha kwenye baridi. Kwa mgonjwa wa moyo, hiyo ingekuwa ndiyo safari imekwisha. Kwa hiyo Baba alisema jambo la kukagua ni moja, mengine yote ni urembo. "Rangi tutapaka. Viti tutashona. Maji, Mama. Maji hayapotei, yanaenda mahali." Akanifundisha. Ufike asubuhi, gari likiwa bado limelala, kwa sababu mwenye gari mgonjwa huliamsha mapema ili usisikie linavyokohoa. Ufungue kifuniko cha rejeta, pale yanapokaa maji ya kupoza injini, gari likiwa baridi tu, ukifungua la moto unaomba kuungua uso. Uangalie rangi ya maji: yakiwa ya kijani au mekundu, safi, mwenyewe alijali akatia dawa yake; yakiwa ya kahawia, ni kutu, amekuwa akijaza maji ya bomba kila siku. Uangalie kama yana mafuta juu. Uweke alama ya chaki kwenye ile chupa ndogo ya akiba. Kisha uliwashe, uweke boksi chini yake, ulisikilize mpaka feni ianze, ulizime, na ungoje lipoe kabisa ndipo uangalie tena. Hapo kwenye kungoja ndipo palikuwa na kanuni ya Baba: wakati boksi linafanya kazi, mnunuzi na mwuzaji wanakunywa chai. "Usimsimamie mtu karibu na gari lake kama askari. Kunywa chai yake. Gari litasema lenyewe."

Kwa Sudi tulielekezwa na fundi mmoja. Alikuwa mrefu, kanzu safi, mdomo mtamu kama tende, na alikaa si mbali na mahakama za Makadara, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonukia iliki kutoka nje. Mkewe, Mama Rukia, alikaanga mahamri Jumamosi asubuhi, na mbaazi za nazi zilikuwa jikoni kabla hatujaketi. Baba, mtu wa ugali, aliyapenda mahamri yale mpaka nikaona aibu. Aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu juu ya mto ambao Mama Rukia alimletea bila kuombwa, na akasimulia habari za boila, jinsi alivyoweza kujua kwa sauti tu kwamba maji yameshuka. Sudi akacheka, akamsukumia sahani. Mimi nilikuwa naingia jikoni kusaidia kuepua, nikisikia sauti zao zikishuka na kupanda. Siku ya kwanza kabisa nilimsikia Baba akisema, "Nakuomba, Sudi, nakuomba kama ndugu," na moyo ukaniuma kwamba baba yangu anamsihi dalali amtafutie gari.

Na magari yenyewe sasa! La kwanza, maji yalikuwa ya kahawia kama ya mto uliofurika. La pili lilikuwa zuri kwa macho, jeupe, lakini Baba alipoacha kifuniko wazi likiwa linanguruma, mapovu yakaanza kupanda kwenye rejeta kama uji, na injini haijapata hata joto. "Gasketi," akasema. "Hewa ya moto inaingia kwenye maji. Hili halitadondosha hata tone kwenye boksi lako, Mama, hili linayanywa lenyewe ndani." Lingine zulia la upande wa abiria lilikuwa limelowa maji yanayovuja kutoka kwenye injini, na mwenyewe akaapa ni mtoto alimwaga soda. Kulikuwa na moja maji yake yalikuwa ya manjano, nikainama, nikanusa, nikapiga kelele. "Baba! Hii ni bizari!" Mwenye gari alikuwa ametia bizari ya manjano kwenye rejeta ili izibe tundu. Sudi akasema kwa upole, "Dada, wengine hutia yai." Baba alicheka mpaka akashika kifua, nikaogopa, nikamketisha kwenye tofali, naye akaendelea kucheka huku machozi yakimtoka. "Tumekuja kununua gari, tumeonyeshwa pilau." Alilisimulia jambo hilo uwanjani kwetu wiki nzima, kwa akina mama wanaofua, kwa mwenye duka la kona, kwa kila aliyepita.

Mimi sikuwa nacheka tena. Mdomo wangu siku hizo haukuwa na breki. "Bwana Sudi, wewe magari yako unayatoa kaburini?" "Bwana Sudi, unamwona mzee huyu? Unafikiri ana miaka mingapi ya kupoteza?" Yeye aliinamisha kichwa tu. "Jumamosi ijayo, dada. Inshallah." Nilimwomba Baba tumwache, tutafute dalali mwingine, Nairobi ina madalali kama inzi. Baba akakataa. Alisema Sudi ni mtu mzuri, bahati ndiyo haijamjia. Siku za kazi nilimkuta ameketi kwenye kiti chake amejikunyata, rangi imefifia, lakini Ijumaa jioni alikuwa mtu mwingine: anapiga viatu rangi, anakata boksi kwa kisu sawasawa, ananiuliza kama chaki ipo. Jumamosi asubuhi alikuwa ameshavaa koti kabla sijaamka, na tulitembea polepole hadi barabarani, mkono wake umenishika kwenye kiwiko, akisalimia watu dirisha hadi dirisha. Hakuna aliyepita bila kuulizwa habari za mtoto wake. Nilikuwa nikimvuta. "Baba, tutachelewa." Naye alisema, "Gari baridi halimkimbii mtu."

Mwaka ulipokuwa ukielekea kuisha nilichoka, nikatafuta mwenyewe. Nilisikia kazini kuhusu mjane mmoja, mwalimu, anayeuza gari la marehemu mumewe, dogo la kijani, na nikampeleka Baba bila kumwambia Sudi. Mjane alitutandikia kitambaa mezani, akatupa chai na mkate wenye siagi, akazungumza kwa sauti ya chini kuhusu mumewe ambaye aliliosha gari hilo kila Jumapili baada ya misa. Boneti ilikuwa baridi. Maji yalikuwa mekundu, safi kama juisi. Feni ilianza wakati wake, ikanyamaza wakati wake. Tulipomaliza chai tulirudi nje na gari lilikuwa limepoa; Baba akavuta boksi, lilikuwa kavu, akalipindua upande wa pili kana kwamba labda nimelitia kinyume. Akafungua kifuniko. Alichungulia mle ndani kwa muda mrefu. Nilipomtazama usoni macho yalikuwa yamejaa machozi. "Yamejaa, Mama," akasema. "Yako pale pale." Nami, Mungu wangu, nilimkumbatia pale mbele ya mjane wa watu, nikaruka kama msichana mdogo. Nilidhani analia kwa furaha. Alimwambia mjane kwamba tutarudi Jumamosi kuliangalia mara moja tena, kisha tulichukue.

Haikufika Jumamosi. Alhamisi nilirudi kutoka kazini jioni, nikapiga hodi, redio ilikuwa inasoma habari na hakuna aliyenijibu. Alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, uso umeelekea dirishani. Nguo za majirani zilikuwa bado kwenye kamba. Nilimwita, Baba, Baba, nikamshika mkono nikausikia umepoa. Nilipiga kelele ambazo naambiwa zilifika barabarani.

Tulimpeleka nyumbani amelala, kwa gari la kukodi. Nilikaa kando ya jeneza njia nzima, na tulipoanza kupanda milima dereva hakusimama hata mara moja, gari lilikuwa zima, maji yake yalikuwa sawa. Kule walitupokea watu wengi waliomlilia kwa jina, lakini nilipowasikiliza vizuri wengi walikuwa wakimlilia baba yake, maana yeye hawakumjua. Kabla ya safari, wakati wa matanga pale uwanjani Jericho, Sudi alikuja na Mama Rukia na kapu la mahamri. Nilimsimamia mbele ya watu wote. Nilimwambia yeye ndiye aliyemlaza baba yangu kwenye sanduku, kwamba angeleta gari zima hata moja mwaka ule, Baba angefika ameketi. Nilimwambia achukue mahamri yake. Mama Rukia alilia. Sudi aliinua kapu, akageuka, akaenda. Hilo ndilo nililobeba zaidi ya miaka ishirini, na lilikuwa likinichoma kila Krismasi, kila nikipanda milima ile.

"Binti Wafula," akasema Sudi pale yadini, "Mama Rukia amefariki. Mwaka jana." Nikasema pole, na nilimaanisha. Akasema, "Mimi pia si wa kukaa sana. Kwa hiyo nitakuambia, hata kama niliapa nisiseme. Siku ile ya kwanza, ulipokwenda jikoni, baba yako alinishika mkono. Akaniambia, Sudi, usilete gari zima." Niligeuka. Nilidhani uzee umemchanganya. "Nikamwambia, Mzee, unaumwa? Binti anataka zima. Akasema, binti yangu ananipeleka nyumbani kwa sababu nilisema. Nilisema kwa vile ndivyo wazee tunavyosema. Kule ni nani ananijua? Nitawekwa kwenye kiti nikitazama mahindi, naye atarudi Nairobi kazini. Hapa namwona kila jioni akirudi."

"Si angesema!" nikapaza sauti, mpaka mwanawe akageuka. "Si angeniambia mimi mwenyewe!"

"Angekuambiaje? Ulikuwa umeacha kununua hata viatu. Alisema umepata furaha ya kumfanyia jambo, hawezi kuinyang'anya." Akajifunika blanketi vizuri. "Nikamwambia basi wewe sema tu kila gari lina kosa, yeye atajuaje? Lo, alivyokasirika! Akasema, mimi sidanganyi juu ya maji. Nimekaa na boila maisha yangu yote, sijawahi kusema yamepungua kama hayajapungua. Wewe niletee mabovu, nami nitasema ukweli. Dada, wallahi unafikiri kupata gari bovu kila Jumamosi ni mchezo? Mengine nilikuwa naazima kwa mafundi."

Sikujua kama nacheka au nalia. Vyote vilitoka pamoja, pale mbele ya magari ya watu. Nilimwuliza kuhusu lile la mjane. "Alinipigia simu jioni ile. Akasema, Sudi, basi. Limejaa maji. Nikamwambia, Mzee, mwambie hutaki. Akasema hapana, binti amelitafuta mwenyewe, ameruka kama alipokuwa mtoto. Nitaenda. Nitaketi vizuri, nitamsimulia njia nzima." Akafuta macho kwa ncha ya blanketi. "Sikuwahi kukuuliza. Alipofariki, alikuwa amelala?"

"Ameketi," nikasema. "Kwenye kiti chake. Anaangalia uwanja."

Mzee Sudi aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Niliwaza mikono yangu iliyomtoa kwenye kiti kile na kumpeleka mbali kwa watu wasiomjua, amelala, kwa gari alilolikataa, na moyo ukanipasuka upya kana kwamba ni Alhamisi ile. Nilimwambia Sudi, "Nisamehe," naye akasema mahamri yale waliyala njiani, hayakuharibika, nisijali.

Mwanawe alikuja na simu zake. "Mathe, imepoa. Angalia sasa." Niliinuka. Boneti ilikuwa baridi. Nikafungua kifuniko cha rejeta, nikachungulia kama nilivyofunzwa: maji ya kijani, safi, hayana mafuta, yako pale pale. Nikamwambia aliwashe, nikasimama mpaka feni ikaanza, hakuna povu. Alilizima, nikangoja tena kando ya Sudi mpaka likapoa, nikafungua tena: hayakushuka hata kidogo. Nikavuta boksi, lilikuwa kavu. Gari zima kabisa. Huyo aliyelipasha moto asubuhi alikuwa na wasiwasi wa bure. "Sasa tuandikishane?" akauliza, amefurahi.

Nilikunja boksi, nikalirudisha kikapuni, nikamwendea baba yake.

"Mzee Sudi, hili silitaki. Jumamosi ijayo uniletee lingine."

"Hili lina nini?"

"Halina kitu."

Aliinua uso, yale macho ya ukungu yakanitafuta. "Kwa hiyo nikuletee bovu?"

"Bovu," nikasema. "Nitakuja na mahamri."